Kabla hujamnunua samaki wa dhahabu kwa kuipenda rangi yake

Wengi wetu tunapochagua samaki wa dhahabu tunachagua kwa macho: nipe yule mwekundu sana, au yule wa chungwa mwenye mapezi meusi. Hakuna ubaya. Ila ujue mapema kwamba rangi unayolipia leo huenda usiikute mwakani, na mara nyingi samaki hatakuwa anaumwa wala wewe hutakuwa umekosea.

La kwanza la kuuliza ni umri. Vifaranga vya samaki wa dhahabu havizaliwi na dhahabu yoyote. Vinaanza na rangi ya matope yenye ukijani, ile ile ya mababu zao wa China ambao watu walianza kuwafuga kwa ajili ya rangi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Baada ya wiki au miezi kadhaa, seli zinazobeba rangi nyeusi huanza kufa, na njano na nyekundu zilizokuwa zimefunikwa hujitokeza. Mtazame kwa karibu samaki aliye katikati ya mabadiliko hayo: tumbo limeshakuwa chungwa, mgongo bado una giza, na ncha za mapezi zimeshika weusi. Weusi wa namna hiyo kwa samaki mdogo ni wa kupita. Ukimnunua kwa sababu ya ncha zile nyeusi, jiandae kuagana nazo. Hata wale weusi tii wa macho yaliyotokeza, wengi wao hugeuka rangi ya shaba au chungwa wakikua. Wapo pia wanaobaki na rangi ya matope maisha yao yote, na kusema kweli mimi nawaona wazuri.

Uzee nao una lake. Tish, samaki wa Uingereza aliyepatikana kama zawadi kwenye tamasha mwaka 1956 na kufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43, alianza akiwa wa chungwa na kumaliza akiwa wa rangi ya fedha.

Sasa maji, na hapa ndipo penye kazi. Tangi liandaliwe wiki kadhaa kabla samaki hajaletwa. Chujio jipya halina bakteria wa kutosha wa kugeuza amonia, sumu inayotoka kwenye kinyesi na matamvua ya samaki, kuwa naitraiti, kisha kuwa naitreti, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 hivi kujijenga, nao wanahitaji amonia kidogo ya kuwalisha muda huo wote, kwa hiyo kuacha maji matupu yakizunguka hakusaidii. Samaki akiingizwa kabla ya hapo, amonia humuunguza ngozi. Kinachowachanganya watu ni kwamba madoa meusi ya kuungua hutokea zaidi wakati ngozi inapona: amonia imeshashuka, samaki anakula vizuri, ndipo anaibuka na weusi usio na mpaka kwenye mapezi na mgongoni. Mwenye samaki anashtuka, anakimbilia dawa, na dawa yenyewe inaweza kuua bakteria wa chujio na kuirudisha amonia ile ile.

Kwa hiyo, kabla ya chupa yoyote ya dawa, nunua vipimo vya maji. Amonia na naitraiti zote zisome 0. Maji ya bomba yatiwe kiondoa klorini kabla ya kuingia tangini. Ukiona mishipa myekundu imejichora kwenye mapezi, pima maji siku hiyo hiyo na ubadilishe sehemu yake. Wekundu huo ni damu, si rangi.

Vitone vyeupe vinataka jicho makini. Vikiwa vimetawanyika mwilini na mkiani kama chembe za chumvi, na samaki anajisugua kwenye mawe, hapo ni vimelea na matibabu yaanze mapema. Lakini vikijipanga kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani tu, huyo ni dume aliyefikia msimu wa kuzaliana. Usimtibu.

Chakula kina nafasi yake, ingawa wauzaji hukisifia kupita kiasi. Samaki huyu hawezi kujitengenezea karotenoidi, zile kemikali zinazotia njano na nyekundu. Anazipata kwa kula. Chakula chenye spirulina (aina ya mwani mdogo sana), mwani mwingine au uduvi husaidia chungwa kukolea, na matokeo huonekana baada ya wiki, si siku. Hakirudishi weusi uliokwisha kuondoka, wala hakimgeuzi mweupe kuwa mwekundu. Taa nayo iwepo mchana na izimwe usiku. Samaki anayekaa gizani siku nyingi hupauka. Ukiwasha taa ghafla usiku ukamkuta amefifia, mpe muda kidogo kabla ya kuingiwa na hofu.

Jambo dogo ambalo watu hulisahau: siku ya kumleta, mpige picha mbavu zote mbili, mchana, taa ikiwa imewaka, kisha urudie kila mwezi kwa mwanga ule ule. Kumbukumbu ya macho hudanganya sana kwenye rangi. Picha zikionyesha mabadiliko ya polepole kwa miezi huku anakula na kuogelea kama kawaida, mwache. Rangi ikibadilika ndani ya siku mbili tatu, naye amebana mapezi, amekaa chini au anahema juujuu kwenye uso wa maji, shika kipimo cha amonia kwanza.