Jinsi ya kuhesabu tarehe na siku za mwisho usipitwe: notisi, kodi, fomu, mpaka nguruwe

Watu wengi huku kwetu Mbeya wanapitwa na tarehe sio kwa uvivu, wamehesabu vibaya tu, tena kwa siku moja, na hiyo siku moja inamkosesha mtu haki yake. Inaniuma maana kuhesabu kwenyewe ni kazi ya dakika mbili ukishajua unaanzia wapi.

Kabla hujashika kalenda jiulize, ulichoambiwa ni siku, ni mwezi, au ni siku za kazi? Havilingani hivyo. Umekopa tarehe 31 Januari 2026 ukaambiwa urudishe baada ya siku 30, hiyo ni tarehe 2 Machi. Ukiambiwa baada ya mwezi mmoja, jiandae tarehe 28 Februari. Kama karatasi haijaeleza vizuri uliza kabla hujasaini.

Kama hukumbuki mwezi una siku ngapi kunja ngumi. Anza na kifundo cha kwanza, Januari, kina siku 31, bonde linalofuata Februari, kifundo Machi, bonde Aprili, nenda hivyo hivyo mpaka Julai inayoangukia kifundo cha mwisho, halafu Agosti unarudi kuanza upya kwenye kifundo cha kwanza. Vifundo vyote ni 31, mabonde ni 30 isipokuwa Februari, 28, na 29 mwaka mrefu kama 2028.

Sasa hapa ndipo watu wanapoumia: siku ya kwanza inahesabiwa au haihesabiwi? Kwenye mambo ya sheria siku jambo lilipotokea kwa kawaida haihesabiwi, unaanza kesho yake. Chukua mtu kaachishwa kazi Jumatano 14 Januari 2026, anaona kaonewa, anataka kupeleka lalamiko CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi), muda aliopewa ni siku 30. Tarehe 15 ndio siku ya 1, tarehe 31 ni siku ya 17, zimebaki 13, kwa hiyo mwisho wake ni Ijumaa 13 Februari. Yeye kichwani ana "mwezi mmoja", anajipanga tarehe 14, akiangalia ni Jumamosi, anasema basi ntaenda Jumatatu, anatoka zake Chunya alfajiri anafika mjini anaambiwa umechelewa, sasa aanze kuandika maombi ya kuongezewa muda na kueleza sababu za kuchelewa, na wanaweza kumkatalia. Jamani andika ile tarehe ya mwisho siku hiyo hiyo unayopewa barua, iandike juu ya barua yenyewe.

Kodi ya nyumba na likizo ni tofauti, hapo siku ya kwanza imo. Umelipa miezi 6 kuanzia 15 Machi, inaishia 14 Septemba, sio 15. Likizo ya uzazi ni siku 84, na 84 ni wiki 12 kamili, kwa hiyo mama akianza Jumatatu 5 Januari 2026 anamaliza Jumapili 29 Machi, anaripoti Jumatatu tarehe 30. Namba yoyote inayogawanyika kwa 7 ni rahisi hivyo. Siku 28 za likizo ya mwaka ni wiki 4, na notisi ya anayelipwa kwa mwezi isipungue siku 28 pia, we hesabu wiki tu usihangaike na tarehe moja moja.

Siku za kazi ndio mtego mkubwa. Mwaka 2026 Ijumaa Kuu ni tarehe 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, Karume Day Jumanne tarehe 7, weka na wikiendi katikati, ofisi zimefungwa siku tano mfululizo. Ukiambiwa Jumatano tarehe 1 Aprili "njoo baada ya siku 7 za kazi", Alhamisi tarehe 2 ni ya kwanza, ya pili ni Jumatano tarehe 8, ukiendelea unafika Jumatano tarehe 15. Wiki mbili nzima hizo! Ukija tarehe 8 unapoteza nauli bure.

Wafugaji nao, mimba ya nguruwe tunasema miezi 3, wiki 3 na siku 3. Ni njia nzuri ila inacheza. Jike limepandwa 10 Oktoba, miezi 3 ni 10 Januari, wiki 3 ni 31 Januari, siku 3 ni 3 Februari. Ukihesabu siku moja moja hizo ni 116, wakati mimba ya nguruwe ni kama siku 114, ambayo ni 1 Februari. Huku kwenye baridi na mvua za Februari andaa majani makavu bandani angalau wiki moja kabla, usisubiri tarehe 3.

Fomu za mtandaoni ziangalie na saa. 23:59 tarehe 31 ni saa 5:59 usiku wa tarehe 31, bado una siku yote. Ila 00:00 tarehe 31 ni usiku wa kuamkia tarehe 31, yaani jioni ya tarehe 30 uwe umeshatuma.

Na dedilaini kubwa hesabu kurudi nyuma. Tuseme maombi ya mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu) yanafungwa Jumatatu 31 Agosti 2026 (mfano tu, tarehe halisi angalia tangazo lao). Jiwekee kutuma Ijumaa 28, mtandao siku za mwisho unalemewa. Mihuri ya serikali ya mtaa na wakili ipe wiki nzima, umefika tarehe 21, na usiibane maana Maulidi inaangukia humo kwenye tarehe 25 au 26 kutegemea mwezi kuandama. Kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA (wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo) ipe siku 10 za kazi, umerudi mpaka Ijumaa 7 Agosti. Kwa hiyo cheti kitumwe kabla hujaenda kutembea Nane Nane tarehe 8 pale viwanja vya John Mwakangale, na kama cheti chenyewe hakipo kabisa basi anza kukifuatilia mwezi wa sita.