Hakuna sindano ya swila: jinsi ya kumkinga mbwa na nyoka hapa Mombasa

Kazi yangu ni kufundisha mbwa wa ulinzi, kuanzia Shanzu hadi Mtongwe, na karibu kila mwenye mbwa mpya huniuliza swali lile lile kabla hatujashika kamba: ile chanjo ya nyoka naipata wapi? Wengi wameona video za wawindaji wa Marekani wakiwadunga mbwa wao. Basi tuanze na hilo, maana ukilikosea utalala usingizi mnono ukidhani mbwa wako ana kinga ambayo hana.

Hatua ya kwanza: ielewe hiyo chanjo

Chanjo yenyewe ipo kweli. Ilitengenezwa California kutokana na sumu ya nyoka mmoja wa Marekani, Crotalus atrox, yule mwenye njuga mkiani. Mbwa hudungwa mara mbili, mwezi mmoja katikati, kisha hurudiwa kila baada ya muda. Ushahidi wa nguvu yake ni mdogo, na hata huko mbwa aliyechanjwa akiumwa hukimbizwa kwa daktari kama ambaye hakuchanjwa.

Lakini nyoka huyo hayupo Afrika. Sumu yake huharibu nyama na damu, ilhali sumu ya koboko hukamata mishipa ya fahamu mpaka mbwa ashindwe kupumua. Mwili uliofundishwa kuitambua ya kwanza hauitambui ya pili. Kwa nyoka wetu wa pwani, yaani swila, koboko na moma, hakuna chanjo ya mbwa inayouzwa.

Kuna pia wanaochanganya chanjo na kiuasumu, ile dawa anayopewa aliyekwisha kuumwa. Kiuasumu hutengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo, kisha kinga zilizojengeka katika damu yake huchukuliwa na kusafishwa. Ukimdunga mbwa mzima leo, baada ya majuma kadhaa zimekwisha mwilini na mwili wake haukujifunza lolote. Akija mtu langoni kukuuzia "kinga ya nyoka ya mwaka mzima", mwonyeshe njia ya kutokea.

Pesa hizo zipeleke kwenye chanjo zinazofanya kazi: kichaa cha mbwa kuanzia umri wa miezi mitatu na kila mwaka baadaye, pamoja na parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua mbwa. Mbwa mwenye afya huhimili sumu na matibabu vizuri kuliko aliyenyonywa damu na kupe.

Hatua ya pili: jua mbwa wako ni wa namna gani

Kuwinda kwa mchezo kulipigwa marufuku Kenya tangu 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza hata kuwinda kwa kitoweo. Kwa hiyo simwandikii mtu wa kuingia msituni na mbwa kutafuta paa. Hata hivyo, damu ya uwindaji haijui sheria. Jack Russell wa Nyali, Ridgeback wa Bamburi na chotara wetu wa Kisauni wote wamebeba tabia ya babu zao: kitu kikitambaa, kikamate ukitikise. Jack Russell ndiye anayenitia hofu zaidi. Ni mdogo, ana kasi, na harudi nyuma. Mbwa mzito wa ulinzi mara nyingi husimama akabweka, naye yule mdogo huwa keshaingiza kichwa ndani ya shimo.

Na nyoka nao hawafanani. Moma, ambaye wengine humwita kifutu, ni mnene na mvivu. Hutegemea rangi yake, hulala kimya njiani au kwenye majani makavu, hasa usiku, na mbwa humkanyaga bila kumwona. Swila huinua kichwa, akatanua shingo na kutema sumu mita 2 hadi 3 akilenga macho. Mkubwa wao kwetu, Naja ashei, ambaye wanasayansi walimtambua rasmi kama aina ya peke yake mwaka 2007 na kumpa jina la James Ashe, mwanzilishi wa shamba la nyoka la Bio-Ken kule Watamu, huzidi urefu wa mita 2. Koboko wa kijani hukaa juu ya miembe na mikanju na hushuka mara chache. Koboko mweusi ndiye wa kuhofiwa kupita wote, ila ni mwenye haya, hukimbia akipewa nafasi. Tatizo ni kwamba mbwa hampi nafasi.

Hatua ya tatu: fanya usafi kabla ya mafunzo

Mimi sianzi kufundisha mahali penye rundo la makuti ya zamani nyuma ya nyumba. Nyoka haji kumtafuta mbwa, huja kutafuta panya, vyura, mijusi na mayai. Chakula cha mbwa kinacholala nje usiku huleta panya, na panya humleta mgeni. Ondoa sufuria baada ya kula. Banda la kuku liweke mbali na kibanda cha mbwa. Mawe ya matumbawe yaliyobaki baada ya ujenzi yauze au yagawe, maana matundu yake ni nyumba tayari. Kata matawi yanayogusa paa la makuti. Ziba nafasi chini ya lango. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi yawekee mfereji, kwa sababu hapo ndipo vyura hukusanyika, na swila anapajua.

Mafuta taa, petroli, vitunguu saumu ukutani: acha. Havimzuii nyoka, na kitunguu saumu mbwa akikila kinamdhuru.

Hatua ya nne: mafunzo yenyewe

Hapa ndipo penye kazi. Kwanza amua nani atakayefundishwa pamoja na mbwa. Nyumba nyingi za Mombasa mbwa hukaa nje na anayemshika usiku ni askari, si mwenye nyumba. Mwenye nyumba akija Jumamosi asubuhi na kiti chake kutazama mafunzo, mimi humwomba kwa heshima amwamshe askari wa zamu ya usiku. Yeye ndiye atakayekuwa na tochi saa nane ya usiku.

Fundisha dakika chache tu kwa mara moja, asubuhi kabla ya jua kali au baada ya alasiri. Zawadi iwe maini yaliyochemshwa na kukatwa vipande vidogo sana, au dagaa.

Anza na "Wacha". Fumba kipande cha ini mkononi, mpe mbwa ainuse ngumi. Atalamba, atakwaruza. Nyamaza. Sekunde atakayoondoa pua, sema "Vizuri" na umpe kipande kingine kutoka mkono wa pili. Usimpe kile alichokuwa akikitafuta, kwani akikipata anajifunza kwamba kuacha ni kungoja tu. Akishaelewa, weka kipande chini ya kiatu chako, kisha chini wazi, kisha mpitishe pembeni yake akiwa kwenye kamba.

Halafu "Njoo". Mfunge kamba ndefu ya mita 10, mwache anuse huku na huku, piga filimbi mara moja. Akigeuka tu, shangilia, akifika mpe zawadi nyingi. Nasisitiza filimbi kwa sababu askari hubadilishana zamu na kila mmoja ana sauti yake, lakini filimbi ni ile ile mdomoni mwa yeyote. Usimwite kamwe ili umkaripie au umfunge. Mbwa anayejua kwamba kuitwa ni kufungwa atakutazama tu akiwa mbele ya nyoka.

Sasa unganisha yote mawili. Weka kipande cha mpira wa maji kwenye nyasi, pita naye. Akikitazama kisha akageuza uso kwako, hata kidogo, zawadi. Badilisha uweke nyoka wa plastiki, kisha mfunge mshipi wa kuvulia samaki na mtu amvute polepole kutoka upande mwingine. Unachotafuta ni mbwa akiona kitu kirefu kinachotambaa, miguu yake irudi kwa askari bila kuambiwa. Mbwa wa ulinzi aruhusiwe kubweka, ila abweke akiwa nyuma. Yule anayebweka karibu ndiye anayetemewa machoni.

Baada ya macho, pua. Nyoka wa plastiki hanuki chochote cha maana. Tafuta gamba ambalo nyoka amejivua, kwa wale wanaofuga nyoka kwa kibali, na ulishike ukiwa na glavu ili lisibebe harufu yako. Litie kwenye mkebe wenye matundu, uufiche kwenye nyasi upande upepo unakotoka. Weka na mikebe mingine mitupu inayofanana, la sivyo mbwa atajifunza kuogopa mkebe. Akinusa ule wenye gamba na kusita, piga filimbi, zawadi. Badilisha mahali kila siku. Ukipata gamba la aina zaidi ya moja, bora.

Je, kola ya umeme? Marekani, Australia na Afrika Kusini wapo wanaomwekea mbwa nyoka hai aliyefungwa mdomo, akisogea wanambonyezea umeme shingoni. Inawafanya mbwa wengi kukimbia, sikatai. Mimi siitumii kwa mbwa wa ulinzi. Maumivu yale anaweza kuyahusisha na kona ya uwanja, au na mtu aliyesimama karibu, ukabaki na mlinzi asiyetaka kukanyaga nyuma ya nyumba. Na nyoka hai usimlete kabisa, hata akiletwa na mtu anayejigamba kwamba keshamng'oa meno. Meno ya nyoka huota tena.

Jambo moja nalirudia kwa askari mpaka wananichoka: mbwa akiua nyoka, usimsifu. Usimpige picha na mzoga. Mwite, mfunge, mkague mdomo na miguu.

Na mafunzo yana mpaka. Mbwa anayemfukuza panya gizani hatamnusa moma aliyejilaza kimya. Msimu wa masika nyasi zinaporefuka, mpunguzie eneo la kuzurura usiku, au azunguke na askari kwa kamba, tochi ikitangulia na gambuti miguuni.

Hatua ya tano: panga njia leo

Piga simu kwa madaktari wa mifugo walio karibu nawe na uulize mambo matatu: nani yupo usiku, nani ana kiuasumu au anaweza kukipata, na nani ana mashine ya kumsaidia mbwa kupumua. Kiuasumu cha maji kinachotumika sana kwa nyoka wetu hutakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Usikinunue ukakiweka nyumbani. Hupewa kwa mshipa, taratibu, chini ya uangalizi, kwa sababu mwili unaweza kukikataa kwa kishindo.

Kama unaishi Likoni na daktari yuko Nyali, pima njia: foleni ya feri saa ngapi ni fupi, na lini ni afadhali kuzunguka Dongo Kundu. Andika namba ukutani kwenye kibanda cha askari, kwa herufi kubwa. Simu yake iwe na salio, na awe na ruhusa ya kumpeleka mbwa bila kungoja bosi aamke.

Hatua ya sita: akiumwa au akitemewa

Sumu ikiingia machoni, fungua mfereji. Maji mengi, ya polepole, dakika 15 au zaidi, mtu mmoja akishika miguu ili mbwa asijikune. Maziwa si lazima, maji safi yanatosha. Kisha daktari siku hiyo hiyo, maana kioo cha jicho huweza kuchubuka. Usimtilie matone yaliyobaki ya mtu, mengine yana dawa inayozidisha kidonda.

Akiumwa, mvue mshipi wa shingoni kwanza, kwa sababu uvimbe ukipanda utamnyonga. Mbebe, asitembee hata hatua tano hadi kwenye gari. Usifunge kamba juu ya jeraha, usichanje, usinyonye. Jiwe jeusi linalobandikwa kwenye jeraha halinyonyi sumu, linakula muda tu. Paracetamol, ibuprofen na diclofenac ni hatari kwa mbwa hata asiyeumwa. Nyoka usimfuate. Picha kutoka mbali ikipatikana, sawa, isipopatikana ondoka. Ishara zitamwambia daktari mengi: uvimbe na maumivu makali huelekea kwa moma au swila, udenda, kuyumba na pumzi fupi huelekea kwa koboko, na hapo dakika ndizo zinazohesabika.

Usishangae daktari akitaka chupa nyingi za kiuasumu kwa mbwa mdogo. Nyoka hapimi uzito wa anayemuuma, na dawa hufuata kiasi cha sumu wala si kilo za mbwa.

Akishapona, kidonda kimefunga na daktari ameruhusu, usiamini kwamba amekoma. Wapo wanaorudi waoga, na wapo wanaorudi na hasira ya kulipiza. Mrudishe kwenye kamba ndefu na mkebe wa gamba kama mgeni, kuanzia "Wacha", kabla hujamwachia uwanja usiku.