Kabla hujaamini habari ya nyoka wa mita kumi na tano

Ukisimuliwa habari ya nyoka wa kutisha, usiharakishe kubisha wala kuamini. Uliza: alipimwaje? Mimi huanza na swali hilo kabla ya kuuliza alionekana wapi au alimeza nini, na likijibiwa vizuri, mengine hujipanga yenyewe.

Jibu likiwa "kwa macho", weka urefu huo pembeni. Nyoka hakai amenyooka, nusu yake imo majini au nyasini, na aliyemwona alikuwa ameshtuka. Mwaka 1907 Percy Fawcett, mvumbuzi Mwingereza, alidai kumpiga risasi anakonda wa futi 62, yaani karibu mita 19, kwenye mto Abuna huko Amerika Kusini. Hakurudi na ngozi wala mfupa. Jesús Rivas, mtafiti aliyekamata mamia ya anakonda nchini Venezuela, hakupata hata mmoja wa mita sita. Kwangu uzi aliowapimia Rivas una uzito kuliko macho ya Fawcett.

Ukionyeshwa picha, tafuta ndani yake kitu unachojua ukubwa wake, tena kiwe umbali uleule na nyoka. Nyoka aliyening'inizwa kwenye mti mrefu kuielekea kamera huku mshikaji amesimama nyuma ataonekana jitu hata kama ni wa mita tatu. Picha ya Remy Van Lierde, rubani Mbelgiji aliyepita kwa helikopta juu ya Katanga mwaka 1959, imebishaniwa miaka mingi kwa sababu hiyohiyo: urefu wa nyoka ndani yake ni wa kukisia tu.

Ngozi nayo hudanganya. Ikichunwa na kuwambwa huongezeka urefu, pengine kwa robo nzima, bila kuonekana imevutwa. Gamba alilojivua nyoka pia huwa refu kumpita mwenyewe. Kumbuka hilo ukisoma kwamba jeshi la Regulus, jemadari wa Roma ya kale, liliua nyoka kwenye mto Bagradas, Tunisia ya leo, na ngozi yake ya futi 120 ikapelekwa Roma.

Namba ya mwenye nyoka ndiyo naihofia zaidi, kwa kuwa huja na desimali na kilo. Mwaka 2003 chatu mmoja wa Java alitangazwa kuwa na mita 14.85 na kilo 447. Mwandishi wa gazeti la Guardian la Uingereza alipokwenda kumpima, hakufika hata mita saba.

Kipimo ninachokiamini ni cha uzi. Wenye ujuzi wamshike nyoka bila kumvuta. Chatu mkubwa anaweza kuua mtu, kwa hiyo wa porini mwache alipo. Anza puani, laza uzi katikati ya mgongo ukifuata kila pindo hadi ncha ya mkia, kisha pima uzi. Rudia, maana kila safari utapata tofauti kidogo. Mzoga usiunyooshe kwa nguvu: misuli imelegea, na pingili za uti wa mgongo ni mamia.

Sasa linganisha. Medusa, chatu wa Kansas City nchini Marekani, alipimwa mita 7.67 mwaka 2011. Zawadi ya nyoka hai wa zaidi ya futi 30, iliyoanzishwa na Theodore Roosevelt na kupanda hadi dola 50,000, ilifutwa mwaka 2002 bila kupata mshindi. Kwa hiyo nyoka hai akitajwa kuvuka mita tisa, dai ushahidi wa mwili wenyewe.

Visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, vina utaratibu wake: urefu hukadiriwa kutokana na pingili zilizopatikana. Titanoboa wa Cerrejón, Kolombia, aliyetangazwa mwaka 2009, anakadiriwa kufikia mita 13 na zaidi ya tani moja. Vasuki wa India, wa mwaka 2024, amepewa mita 11 hadi 15 kutokana na pingili 27. Ukimtaja, taja namba zote mbili. Wengi huandika 15 peke yake, na hapo ndipo uzushi mpya unapozaliwa.