Krimu ya kuoshea uso isianzie usoni

Jamani, hizi krimu za asili za kuoshea uso zijaribuni kwanza kwenye mkunjo wa kiwiko, siku mbili hivi. Asili si kinga: mafuta ya ganda la korosho nayo ni ya asili, na wabanguaji wa huku Mtwara wanajua yanavyobabua vidole! Ngozi isipowasha, paka krimu uso ukiwa mkavu, sugua taratibu mpaka poda na vumbi vilegee, kisha futa kwa kitambaa kilichochovywa maji ya vuguvugu na kukamuliwa. Kitambaa kifuliwe kila siku. Krimu yangu ilijaa mafuta ya nazi, na kwa joto hili la Shangani paji la uso likatoka vipele. Nimempa dada, ngozi yake kavu.