Somo: Kurekebisha ritani ya kodi uliyokwisha kuwasilisha kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA)

Ukigundua kosa kwenye ritani yako (taarifa ya mapato na kodi yako ya mwaka), usiliache ukidhani KRA hawataliona. Mwajiri huwapelekea taarifa za PAYE yako (kodi anayokukata kwenye mshahara) kila mwezi, kwa hiyo takwimu wanazo. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inakupa miaka 5, tangu siku uliyowasilisha, kuomba kuirekebisha. Lakini kodi iliyopungua hutozwa riba ya asilimia 1 kila mwezi, kwa hiyo rekebisha mapema.

Hatua ya 1. Ingia iTax, pakua ritani ya kwanza na uiweke kando ya P9, yaani fomu ya mwajiri inayoonyesha mapato yako na kodi uliyokatwa mwaka huo. Linganisha mstari kwa mstari kabla hujagusa fomu yoyote. Kwenye P9, jumla ya mapato iko safu ya D, na PAYE iko safu ya mwisho. Wengi huchukua mshahara wa msingi wa safu ya A wakaacha marupurupu, na kosa huanzia hapo.

Hatua ya 2. Kwenye menyu ya "Returns" chagua "File Amended Return", kisha kodi ya mapato ya mkazi na mwaka husika. Pakua fomu ya Excel na uruhusu makro (programu ndogo zilizo ndani ya fomu), la sivyo vitufe havitafanya kazi.

Hatua ya 3. Tafadhali someni hii mara mbili. Ritani ya marekebisho huchukua nafasi ya ile ya kwanza yote. Ukijaza tu kile ulichosahau, mfumo utaelewa kwamba hayo ndiyo mapato yako yote ya mwaka. Kwa hiyo jaza kila kitu upya, hata yale uliyoyapatia mwanzo. Kwenye fomu hiyo ya Excel, mapato ya ajira yanaingia karatasi ya F na PAYE iliyokatwa inaingia karatasi ya M. Mwajiri aliye kwenye F awe pia kwenye M, kwa PIN (namba ya mlipa kodi) ileile. Ukisahau M, karatasi ya T itakuonyesha deni kubwa la kodi ambayo tayari ulishakatwa.

Hatua ya 4. Hakiki fomu, pakia faili la zip linalotokea, uhifadhi risiti. Kama kuna kodi ya kuongeza, toa hati ya malipo siku hiyohiyo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, niliwasilisha ritani ya sifuri na kumbe nilikuwa nimeajiriwa miezi minne. Nifanyeje?*

Fuata hatua hizohizo, ndugu. Omba P9 kwa mwajiri wako wa zamani, maana ni haki yako hata kama ulishaondoka. Ikiwa alikata PAYE sawasawa, huenda usidaiwe chochote.

*Nina kazi mbili kwa wakati mmoja na kote nakatwa PAYE. Mbona baada ya kurekebisha natakiwa kulipa?*

Dada, angalia nafuu ya kibinafsi, yaani kiasi unachopunguziwa kwenye kodi. Kila mlipa kodi mkazi anapata shilingi 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka, mara moja tu. Waajiri wote wawili wakikupa, umepata 57,600, na ile 28,800 ya ziada inarudi kuwa deni. Tena kila mwajiri alianza kukukata kwenye ngazi za asilimia 10 na 25. Mishahara ikijumlishwa, ikiwa wa kwanza unapita 32,333 kwa mwezi (ngazi hizo zinapoishia), wa pili wote unaangukia asilimia 30 au zaidi. Deni hilo ni halali, lipa. Kisha mwambie mwajiri wa pili akuandikishe kama mwenye ajira nyingine, asikupe nafuu tena.

*Tarehe 30 Juni imepita. Bado naweza kurekebisha?*

Ndiyo. Hiyo ni tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya kwanza. Ila riba huhesabiwa tangu kodi ilipopaswa kulipwa, yaani 30 Aprili, hata kama umegundua kosa Novemba.

*Mimi nimegundua nililipa zaidi. Pesa zinarudi zenyewe?*

Hapana. Baada ya marekebisho itakubidi uombe kurejeshewa kupitia iTax, na wanaweza kudai ushahidi, kwa hiyo weka P9 na risiti zako karibu. Wakikataa marekebisho yenyewe, sheria inawataka wakueleze sababu ndani ya siku 30 tangu walipopokea ombi.