Bao juu ya mkeka, ndani ya simu: mwongozo kwa kikundi cha wanafunzi

Kikundi cha wanafunzi wanne au watano kinaweza kutengeneza mchezo wa uhalisia ulioboreshwa, AR kama wenyewe mnavyouita, yaani picha ya kompyuta inayoonekana kupitia kamera ya simu kana kwamba iko juu ya meza ya kweli, ndani ya muhula mmoja. Nasema hivyo kwa sababu nawasimamia vijana wa namna hiyo hapa Unguja na kazi zao nazishika mkononi. Ila tangu Pokémon GO ilipotoka mwaka 2016, kila kikundi kinachonijia kinataka kuanza na mji mzima: ramani, hazina vichochoroni, viumbe wanaotokea nyuma ya milango. Mimi huwarudisha kwenye bao. Bao la Kiswahili lina sheria zilizokwisha kupevuka, linaenea juu ya meza moja, na halihitaji GPS, ambayo baina ya kuta ndefu za Mji Mkongwe huyumba kutoka kichochoro hadi kichochoro. Tena kila mtaa una mtu wa kuwaambia mlipokosea.

Anzeni na simu zenu wenyewe. Zikusanyeni zote mezani. Kwenye Android, kazi hii hupitia ARCore, programu ya Google ya kuendesha AR, na simu kuwa na Android 7.0 au zaidi hakutoshi: lazima iwe kwenye orodha ya simu zilizopimwa na Google, orodha ambayo iko wazi kwa yeyote. Simu nyingi za bei nafuu hazimo, nyingine kwa kuwa hazina jairoskopu, yaani kihisi cha kujua simu inavyogeuka. Tafuteni iliyo dhaifu kuliko zote kati ya zilizomo. Hiyo ndiyo simu ya kazi, na kila kitu kitajaribiwa juu yake kwanza. Simu mpya ya mwenzenu anayejiweza iacheni kando, maana juu yake kila kitu kitaonekana kizuri. Kisha, kwenye mipangilio ya Unity, programu mtakayotengenezea mchezo, wekeni AR iwe ya hiari badala ya lazima, ili asiye na simu ya kuimudu apate bao la kawaida lililochorwa kwenye kioo. Kwangu mimi hilo halina mjadala: mchezo wa bao usiochezeka na nusu ya mtaa haujakamilika.

Siku za mwanzo ziwe za bao la mbao, simu mfukoni. Nendeni barazani, amkieni, ombeni kukaa karibu na mzee anayecheza, mmoja wenu aandike. Mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete sita ndani ya nyumba, lile shimo la mraba la safu yake ya mbele, mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kuliani mwa nyumba hiyo, na 22 mkononi. Hapo ni namua: kila zamu unatia kete moja ya mkononi. Zikisha, mnaingia mtaji, hatua ya kucheza kwa kete zilizomo baoni tu. Anayeweza kula lazima ale, asiyeweza anatakata, yaani anasambaza bila kula.

Hayo yanaandikika. Pagumu ni nyumba. Mko kwenye namua, umekula, unasambaza, na kete yako ya mwisho inaangukia kwenye nyumba yako ambayo bado ina kete sita au zaidi. Sasa una hiari: ulale hapo hapo, au uisafirishe nyumba, yaani uzichukue kete zake zote, uendelee. Mzee mmoja aliyewafundisha vijana wangu alikuwa akifika hapo huweka mkono juu ya shimo, hasemi kitu, anatazama upande wa pili, anahesabu kwa macho, halafu ndipo anaamua. Programu yenu lazima iuache muda ule. Isimame, iulize, ingoje jibu. Mkiandika usambazaji kuwa kitanzi kimoja, yaani amri zinazojirudia zenyewe, kinachokimbia mpaka mwisho, hapa ndipo kitakapowakatikia. Kwa hiyo tangu mwanzo, kila kete inayotiwa iwe hatua yake peke yake, na baada ya kila hatua mchezo ujue kama unaendelea au unamsubiri mtu.

Baada ya hapo liandikeni bao lote kwa C#, lugha ya programu inayotumika ndani ya Unity, bila kamera kabisa. Orodha ya namba 32, namba mbili za kete za mikononi, na moja ya kete zilizo njiani wakati wa kusambaza. Wekeni ukaguzi unaojiendesha baada ya kila hatua: jumla ya vyote hivyo lazima iwe 64. Ikitoka 63, msiendelee mpaka muijue kete ilipopotelea. Ukaguzi huu mdogo utawaokoa kwenye usiku mwingi, na hauna gharama yoyote.

Kamera inakuja sasa, si kabla. Tumieni AR Foundation ndani ya Unity. Ndiyo inayozungumza na ARCore kwenye Android na ARKit kwenye iPhone, nanyi mnaandika mara moja. Lakini eleweni simu inavyofanya kazi, maana msipoelewa mtailaumu bure. Simu haioni meza. Inaona nukta: kona, madoa, mistari, mahali rangi inapobadilika ghafla. Inazifuata nukta hizo kutoka picha hadi picha, inalinganisha na mwendo wake yenyewe, na hapo ndipo inapokisia kwamba kuna uso, yaani sehemu bapa kama ya meza au mkeka, umelala mbele yake. Ndiyo maana marumaru nyeupe zinazong'aa huishinda, na kitambaa cha meza cha rangi moja vilevile. Mkeka wa ukindu wenye mistari ya rangi huukamata kwa haraka. Waandikieni wachezaji waziwazi kwenye kioo: «Tandika mkeka au gazeti, washa taa, sogeza simu polepole.» Sentensi hiyo ina faida kuliko wiki nzima ya kurekebisha programu.

Uso ukishapatikana, mchezaji anagusa kioo, nanyi mnatafuta mahali ambapo mstari kutoka kidoleni unakutana na mkeka. Hapo wekeni bao, litieni nanga, yaani liambieni simu lisihame mahali hapo, kisha zimeni utafutaji wa nyuso. Mkiuacha ukiendelea, simu itafanya kazi isiyo na maana na betri itakwisha. Kumbukeni kwamba kipimo 1 ndani ya Unity ni mita moja: bao la sentimita 60 ni 0.6. Lipimeni bao la kweli kwa utepe wa kupimia, msikisie.

Raha ya AR kwenye bao ni kwamba watu wawili wanakaa ana kwa ana, simu moja inapita juu, na bao linabaki palepale. Kila mmoja analiona kutoka upande wake. Lakini tazameni mikono ya watu wakati wa kupeana simu: kidole huziba kamera, simu inageuka kuelekea dari, na ufuatiliaji unapotea. Hilo litatokea kila zamu, kwa hiyo litengenezeeni njia. Unity inawapa taarifa pale ufuatiliaji unapokatika. Ikifika, ficheni bao, zuieni kugusa, andikeni «Elekeza kamera kwenye mkeka», na msirudishe zamu mpaka bao limetulia mahali pake. Bila zuio hilo mtu atagusa shimo asilolikusudia, na ugomvi wa bao mnaujua.

Mashimo ni madogo kuliko kidole. Eneo la kugusa liwe pana kuliko shimo lenyewe, na shimo lililochaguliwa ling'ae kabla ya kukubaliwa. Juu ya kila shimo ielee idadi ya kete, kwa sababu hakuna anayeweza kuhesabu kete 11 zilizolundikana kwenye kioo cha simu. Kete zenyewe zitengenezeni kwa Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D, ni ya bure, na zote 64 zitumie modeli moja nyepesi. Msizipe fizikia ya kweli ya kugongana; simu ya kazi itapata moto. Njia fupi ya kupanda na kushuka inatosha, pamoja na sauti. Sauti rekodini kwenye bao la mbao lenyewe, kete ikianguka juu ya kete. Hapo msibane muda.

Faili zenu ziwe kwenye Git, programu inayotunza kila badiliko la kazi yenu, folda ya Library isiingie, faili za meta zisiachwe nje, na watu wawili wasihariri sini (scene, yaani mandhari ya mchezo ndani ya Unity) moja siku moja. Unity ni gigabaiti kadhaa: mmoja aipakue mahali penye intaneti nzuri, wengine wachukue kwa diski, bando lisiishe bure.

Majaribio yafanyike saa na mahali watu wanapocheza kweli, yaani baada ya alasiri na usiku chini ya taa ya baraza, si maabara mchana. Ombeni ruhusa kabla ya kuelekeza kamera, maana watu wamo kwenye picha. Mkabidhini mchezaji simu, halafu mnyamaze. Andikeni kila anapouliza «sasa nifanye nini?»

Kwa kuwagawia marafiki, faili la APK, lile la kusakinisha programu kwenye Android, linatosha, lakini wajulisheni kwamba simu itahitaji pia huduma za Google Play za AR, ambazo hupakuliwa kwa bando lao. Mkitaka kuuweka Google Play, akaunti ni dola 25 mara moja, na akaunti mpya ya mtu binafsi hutakiwa kwanza kuwa na wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo. Nusu ya hao 12 wawe wachezaji wa bao wasioijali AR hata kidogo. Hao ndio watakaowaambia kama anayetakata anaruhusiwa kuanzia mashimo sahihi.