Namna ya Kumtambua Mwenye Kauli Katika Kampuni: Mwongozo kwa Watu wa Mtwara na Lindi

Mkulima wa korosho wa Tandahimba au Ruangwa anapoingia kwenye mkutano wa chama chake cha msingi hana haja ya kuuliza ana kura ngapi, kwa kuwa aliyepeleka ghalani magunia mawili na aliyepeleka mia mbili wote wananyoosha mkono mmoja. Fedha hizo hizo za korosho zikinunua hisa za kampuni, utaratibu huo unaishia mlangoni: kura huifuata hisa, si mtu, na katika baadhi ya nchi haiifuati hata hisa. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kununua hisa, na pia kwa diwani au mwenyekiti wa kijiji anayeketi meza moja na kampuni iliyotoka nje akitaka kujua nani hasa mwenye kauli.

Anza kwa kuuliza kampuni mama imeandikishwa wapi, wala usiridhike na jina lililo kwenye bango la getini. Tuchukue gesi ya Mnazi Bay, ambako TPDC, shirika la mafuta la taifa letu, ni mbia. Mwendeshaji wa kitalu hicho ni Maurel & Prom, kampuni ya Kifaransa ambayo hisa zake zinauzwa katika soko la Paris, lakini zaidi ya asilimia 70 ya hisa hizo zimo mikononi mwa Pertamina, shirika la mafuta la serikali ya Indonesia. Kwa hiyo anayefuatilia chanzo cha uamuzi mkubwa wa mwendeshaji huyo kuhusu visima vya Msimbati atapita Paris, ambako ndiko kwenye sheria inayoiongoza kampuni, kisha atafika Jakarta, ambako ndiko kwenye kura.

Hatua inayofuata naiona nzito kuliko zote, ingawa wengi huiruka: tafuta kizingiti, yaani kiwango cha kura kinachotakiwa, cha kubadili katiba ya kampuni. Kwetu Tanzania, kama ilivyo Uingereza ambako sheria yetu ya makampuni ilichota mizizi yake, azimio maalumu linahitaji robo tatu ya kura zilizopigwa. Maana yake ni kwamba mwenye zaidi ya robo, hata akiwa peke yake, anaweza kulizuia. Ufaransa na Norway zinaridhika na theluthi mbili. Pengo kati ya theluthi mbili na robo tatu linaonekana dogo kwenye karatasi, lakini mwenye asilimia 70 ya kura anaweza kubadili katiba Paris bila kumbembeleza mtu, ilhali mwenye kiasi hicho hicho Dar es Salaam au London atahitaji wenzake iwapo wanahisa wengine wote watajitokeza kupiga kura. Ukilijua hilo, asilimia 67 ambayo serikali ya Norway inaishikilia katika Equinor, mmoja wa wabia wa mradi wa gesi uliokusudiwa kujengwa Likong'o, Lindi, itakusomeka vizuri zaidi: imekivuka kizingiti cha nchi yake kwa unywele tu, na imekivuka kweli.

Kisha uliza kila hisa ina kura ngapi, kwa sababu idadi ya hisa na idadi ya kura ni vitu viwili. Nchini Ufaransa, sheria ya mwaka 2014 inatoa kura mbili kwa hisa iliyoandikishwa kwa jina la mwenyewe na kushikiliwa kwa miaka miwili katika kampuni zilizo sokoni, isipokuwa wanahisa wenyewe wamekataa. Marekani imekwenda mbali zaidi. Mark Zuckerberg anashikilia kura nyingi kuliko wanahisa wengine wote wa Meta wakijumlishwa, ingawa sehemu yake ya mtaji ni ndogo sana kuliko hiyo, na mwaka 2017 kampuni ya Snap iliuza kwa umma hisa zisizo na kura hata moja. Mimi nisingetoa fedha ya msimu mzima kununua hisa isiyo na sauti, lakini wapo walionunua kwa hiari yao.

Angalia pia nani anawaketisha wakurugenzi. Nchini Ujerumani kuna bodi mbili, moja ya kuendesha na nyingine ya kusimamia, na kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 hulazimika kuwapa wafanyakazi nusu ya viti vya bodi ya usimamizi, japo mwenyekiti, ambaye kwa kawaida hutoka upande wa wanahisa, ana kura ya pili ya kuamua pande zote zikilingana. Kwetu bodi ni moja, na wenye hisa ndio huichagua. Mwaka 2021 mfuko mdogo wa uwekezaji uitwao Engine No. 1, wenye takribani asilimia 0.02 tu ya hisa za ExxonMobil, ulifanikiwa kuingiza wakurugenzi watatu katika bodi ya kampuni hiyo, ambayo nayo ni mbia katika gesi ya bahari yetu. Uliweza kwa sababu hisa za ExxonMobil zimetawanyika na mifuko mikubwa iliuunga mkono.

Jambo kama hilo usilitarajie Dangote Cement, yenye kiwanda Msijute tangu mwaka 2015. Kampuni mama iko katika soko la hisa la Nigeria, lakini zaidi ya asilimia 80 ya hisa zake ni za kundi la Aliko Dangote. Maandishi mengi ya Kimarekani yanahofia meneja anayejifanyia atakavyo kwa kuwa wenye mali wametawanyika. Katika nchi nyingi, yetu ikiwamo, hofu ya mwanahisa mdogo ni tofauti: mwenye mali yupo, tena yupo sana. Kwa hiyo unaposoma taarifa ya mwaka, usiishie kwenye gawio. Fungua sehemu ya miamala na wahusika wenye uhusiano na kampuni, uone kampuni inanunua nini kutoka kwa mwenye hisa wengi, inamkopesha nini, na inamlipa ada gani ya usimamizi. Faida inaweza kuondoka kwa njia hiyo kabla haijafika kwenye gawio la wote.

Haki ya wanahisa kuitisha mkutano nayo hutofautiana. Tanzania inataka asilimia 10 ya mtaji uliolipwa wenye haki ya kura. Uingereza, Ujerumani na Australia zinataka 5. Sheria ya Delaware, ambako makampuni mengi makubwa ya Marekani yameandikishwa, inaiachia katiba ya kampuni.

Kwa kampuni ya hapa nchini, omba taarifa zake BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa makampuni, ambako utawaona wakurugenzi na wanahisa, na ukumbuke kwamba tangu mwaka 2020 kampuni inatakiwa pia kuwasilisha kwa msajili majina ya wamiliki manufaa, yaani watu halisi walio nyuma ya majina ya kampuni nyingine. Ukishanunua hisa, notisi ya mkutano mkuu wa mwaka inapaswa kutolewa siku 21 kabla. Mikutano mingi hufanyika Dar es Salaam, safari ya basi ya siku nzima kutoka Mtwara, kwa hiyo ukishindwa kwenda, jaza fomu ya kumteua mwakilishi, uandike wewe mwenyewe namna ya kupiga kura kwa kila azimio, na uifikishe mapema, kwani kampuni nyingi hufunga kuipokea saa 48 kabla ya mkutano.